Milamula Mitano Chini ya Ibare

Karibu na Ibare kuna mahali pamoja tu tambarare pa kulala, na aliyewaonyesha wageni ni Melkiory. Hakulazimishwa, wala hakuwa amelewa. Aliwaonyesha kwa kidole chake mwenyewe, mchana kweupe, na moyo wake ulikuwa na furaha. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba alifurahi.

Ibare ni jiwe. Watu wa huku Kyerwa wameliita hivyo tangu zamani, Jiwe, basi, kana kwamba Mungu hakuumba jingine. Limesimama peke yake juu ya rweya, yale mapori ya nyasi tunakokata za kutandaza migombani, na upande wa mashariki limekatika wima kama ukuta wa kanisa. Wenyewe hatukuliona kuwa na kazi zaidi ya kuanikia maharage. Halafu wakaja vijana wenye kamba na kofia ngumu, wakaparamia ule ukuta mchana kutwa, wakashuka wakasema hawajawahi kuona jiwe zuri namna hii. Tukacheka. Mwaka uliofuata wakaja wengi, na uliofuata wengi zaidi. Siku hizi Jumamosi ya kiangazi utakuta magari sita au saba, yenye namba za kwetu na za Kigali, na watu wazima na akili zao wananing'inia juu huko kwa hiari.

Melkiory anakaa chini ya jiwe hilo tangu azaliwe. Ana miaka sitini na nne, mwembamba, mkimya, mkata nyasi hodari enzi zake. Mkewe alirudi kwao zamani, na mtoto wao mmoja yuko Geita machimboni, hupiga simu Krismasi. Ana nyumba ya vyumba viwili, mibuni michache na migomba ya kutosha tumbo moja. Na pembeni ya kibanja chake kuna uwanja. Tunauita uwanja kwa sasa. Zamani ulikuwa kibanja cha kaka yake, Jovitus.

Jovitus alikuwa mfanyabiashara, mtu wa kuvuka mpaka na kahawa usiku na kurudi na mashati. Akarudi pia na ule ugonjwa ambao mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la hayo mashati, kwa sababu tulikuwa bado tunaona ni jambo la utani. Akafa yeye mwaka tisini na moja. Wakafuata watoto wake wawili wadogo. Akafuata mkewe, Restuta. Mwisho akaenda mama yao kina Melkiory, Kokwijuka, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Alichoka tu kuzika. Makaburi matano katika miaka mitatu, na yote aliyachimba Melkiory peke yake. Majirani walikuja matangani wakakaa mbali, wakasema pole, wakaondoka. Siwalaumu sana, kila mtu aliogopa. Lakini jembe lilikuwa moja na mikono ilikuwa miwili.

Kila alipomaliza kufukia, Melkiory alichoma kichwani pa kaburi tawi la mulamula. Kwetu mulamula ndiyo karatasi ya asiyejua kusoma. Ndio mpaka wa kibanja, ndio shahidi ukoo unapokaa kusuluhisha, na ndio unaosema hapa amelala mtu. Unaota popote unapouchoma, hauli mbolea, haufi kiangazi. Na haung'olewi. Anayetaka kuung'oa lazima ukoo ukae, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inywewe, wazee waseme. Mtoto wa miaka sita analijua hilo.

Katika nyumba ya Jovitus alibaki mtu mmoja, Evangelina, kitoto cha miaka mitano. Mama yake mkubwa alimchukua akaenda kumlea Mwanza. Migomba ya kile kibanja haikuwa na mtu wa kuitandazia nyasi, ikasinyaa, ikaanguka. Nyumba nayo ikaanguka. Yakabaki mafiga matatu ya jiko la Restuta, na milamula mitano, na kimya. Kwa karibu miaka thelathini Melkiory aliamka asubuhi akafungua mlango, akakitazama kile kimya.

Sasa mwone mtu huyo siku Desderius alipomjia. Desderius ni kijana wa Muleba, mwongoza wageni, mwenye maneno matamu na pikipiki nyekundu.

"Shikamoo, Ta Melkiory."

"Marahaba."

"Ta, tumekwama. Wageni wangu hawana pa kulala. Shuleni mwalimu mkuu ametufukuza. Kule juu ya rweya upepo umebeba hema mpaka kwa watu. Bondeni mbu wametuonyesha cha moto. Nataka mahali pa tambarare, maji karibu, upepo usifike. Wewe ndiye mwenyeji."

Melkiory akawaza kidogo. Maji, chemchemi iko hatua hamsini. Upepo, Ibare lenyewe linauzuia. Tambarare, Jovitus alipasawazisha kwa jasho lake. Akanyoosha kidole.

Jioni ile mahema manane yalisimama. Wakawasha moto, wakapika, wakacheka. Harufu ya vitunguu ikavuka mibuni ikamfikia Melkiory mlangoni kwake, na sauti ya mwanamke ikaita mtu aje kula. Basi mzee akalia. Alilia kwa raha, akafuta machozi kwa kiganja, akasema peke yake, "Jovitus, umepata wageni." Mwenye njaa hana miiko, na njaa ziko nyingi, si ya tumbo tu.

Asubuhi dada mmoja wa kutoka Dar alikuwa ameanika taulo juu ya mulamula. Melkiory alipopita kuwasalimu, akamwuliza, "Babu, huu mti mzuri unaitwaje? Naona mmeupanda kwa mpangilio." Melkiory, mtu asiyejua kudanganya wakati ule, akamweleza. Huyu ni mama yangu. Huyu kaka yangu. Huyu ulipoanika taulo ni shemeji yangu, Restuta. Yule dada aliitoa taulo kama aliyeungua. Kabla chai haijachemka mahema yote yalikuwa yamekunjwa.

Desderius alirudi jioni amefura. "Ta, ungeniambia! Hawa watu watasema tunalaza wageni makaburini. Nitafutie pengine, la sivyo nawapeleka upande mwingine wa wilaya, na hapa hatakuja mtu tena."

Hatakuja mtu tena. Usiku ule Melkiory alilirudia neno hilo kitandani.

Alitafuta, msidhani hakutafuta. Siku nne alizunguka Ibare na fimbo yake. Kaskazini ni miteremko, hata mbuzi analala amejiegemeza. Kusini ni mawe. Alikwenda kumwomba jirani kipande cha shamba la maharage, jirani akamwuliza kama ana wazimu. Siku ya tano alikaa juu ya figa moja la Restuta, akaitazama milamula mitano, akaanza kufikiri. Laiti asingefikiri.

Alifikiri hivi: wafu hawaendi popote. Kinachowaogopesha wageni ni miti, na miti inahama. Nikiing'oa na udongo wake, nikaipanda pembeni kwenye mibuni yangu, kwa mpangilio uleule, haifi. Na mahali pao halisi ninapajua mimi niliyepachimba: kutoka kwenye mafiga hatua saba ni mama, tisa ni Jovitus, kumi na moja ni Restuta, watoto wako miguuni pa mama yao. Sitasahau hata nikisahau jina langu. Siku wageni wakiisha, nairudisha. Ukoo hakuuita. Ukoo wenyewe ungekuwa nani? Wamebaki yeye, kijana wa Geita, na Evangelina wa Mwanza ambaye hajakanyaga huku tangu abebwe mgongoni.

Alifanya kazi ile asubuhi moja ya mvua za masika, udongo ukiwa laini. Alipofika kwenye mulamula wa mama yake alivua kofia. "Mama, sogea kidogo," alisema. "Ni kwa muda." Akauchimbua.

Milamula haikunyauka hata jani. Desderius alipokuja, Melkiory alimwambia makaburi yako pale pembeni, kwenye mibuni, kule uwanjani alichanganya tu maneno. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulitoka kirahisi kama mate. Kambi ikaanza. Wakampa koti la mvua na kazi ya ulinzi, wakamwita Babu Kambi. Watoto wa wageni walimkimbilia. Kila vilipogongwa vigingi vya hema alitazama pembeni, na nyundo ilipoanguka kwenye hatua ya kumi na moja alijikuta anasema kimoyomoyo, samahani shemeji. Choo walitaka kukichimba katikati. Akawahamishia mbali bondeni kwa visingizio vya maji. Angalau hilo aliliokoa.

Mwaka wa pili macho yalimsumbua, akaenda Kayanga kutibiwa, akakaa siku tatu. Aliporudi alikuta uwanja umelainishwa kama kiganja. Desderius alikuwa ameleta vibarua wakachonga vichuguu vyote, wakafukia mabonde, wakamwaga changarawe. Na yale mafiga matatu yalikuwa yameng'olewa, yamepangwa pamoja na mawe mengine kuzunguka mahali pa kuotea moto.

"Umeona, Babu Kambi?" Desderius alisema. "Sasa pamekuwa pa kisasa."

Melkiory alisimama akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Akasimama. Tatu kutoka wapi? Akarudi, akaanza mahali pengine. Alihesabu mpaka wageni wakadhani anafanya mazoezi. Jioni aliacha. Palikuwa pamebaki changarawe, na yeye katikati yake, hajui amemkanyaga nani.

Mwezi wa tatu mwaka huu simu yake iliita, namba ngeni.

"Shikamoo, baba mdogo. Mimi Evangelina. Evangelina wa Jovitus."

Sauti ile! Ilikuwa ya Restuta kabisa, hata ile namna ya kukokota neno la mwisho. Alimweleza kwamba yeye sasa ni muuguzi, ana watoto wawili, na mama yake mkubwa amefariki. Akasema hana picha ya mama yake hata moja. Ya kitambulisho hakuna, ya harusi hakuna, uso wake haukumbuki.

"Nilichobakiza kwa mama ni lile kaburi, baba mdogo. Nataka kuwajengea wote, lakini yeye hasa. Nikae karibu naye hata nusu saa, nijue yuko hapa. Makaburi bado yanajulikana?"

Njia ya kusema ukweli ilikuwa wazi kama barabara. Angesema: mwanangu, nimekosa, njoo tuite wazee. Angesema hivyo akiwa mbali naye, hamwoni usoni. Badala yake alisema, "Yanajulikana. Milamula ipo."

Nimemsikia mtu mmoja akisema mzee aliogopa kupoteza koti na kazi. Huyo hamjui mzee. Aliogopa kuisikia ile sauti ya Restuta ikimwuliza, kwa nini?

Alijiapiza atamwambia akifika, ana kwa ana, kama wanaume wasemavyo. Evangelina alifika mwezi wa saba, kiangazi cha vumbi, kwa bodaboda kutoka Kayanga, mfuko mmoja begani. Melkiory alimpokea njiani, akafungua kinywa. Lakini mwanamke alikuwa tayari ameiona milamula. Ilikuwa imekua vizuri kule kwenye mibuni, ndefu kuliko mtu, mitano, imenyooka. Aliweka mfuko chini bila kumalizia salamu.

"Yupi ni mama?"

"Wa tatu," alisema Melkiory. Na kwa mti, ilikuwa kweli.

Evangelina alienda akapiga magoti, akaushika ule mulamula kwa mikono miwili chini kabisa, kama unavyomshika mtoto miguu. "Mama," alisema. "Ni mimi. Nimechelewa." Akaweka shavu ardhini akalia, na Melkiory alisimama nyuma yake na ukweli wake mdomoni, akaumeza. Ungeusema wewe? Mimi nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu linalonipa heshima.

Fundi aliyeitwa kujenga ni Lameck, mtu wa Nyaishozi, aliyejenga makaburi mengi kuliko nyumba. Siku ya pili alipokuwa anachimba msingi mwembamba wa kuzungushia, jembe lilikuwa linadunda. Alimwita Melkiory pembeni.

"Ta, udongo huu ni mgumu."

"Ni kiangazi."

"Kiangazi nakijua. Kaburi hata likikaa miaka hamsini, udongo wake unakumbuka kwamba uliwahi kufunguliwa. Unakuwa na rangi mbili. Huu una rangi moja mpaka chini." Alimpa bonge la udongo mkononi. "Haujawahi kuchimbwa huu."

"Jenga, Lameck."

Lameck alitema mate, akajenga. Wafu si wake. Lakini tangu wakati huo hakula tena chakula alichopika Melkiory; alikuja na viazi vyake kwenye kitambaa.

Ibada ilikuwa Jumamosi. Padri alifika, na katekista, na wanajumuiya wakiwa na nyimbo. Walikuja hata wale wazee waliokaa mbali mwaka ule wa tisini na moja. Safari hii walikaa mbele. Makaburi matano yalikuwa yamesakafiwa, meupe, na majina yamechorwa kwenye saruji mbichi kwa mkono wa Evangelina mwenyewe. La Restuta alikuwa ameliwekea vigae vya bluu. Kule uwanjani kambi ilikuwa imejaa, kwa maana ni msimu. Wageni waliposikia nyimbo walitoka kwenye mahema yao, wakavua zile kofia ngumu, wakasimama kimya mikono imefumbatwa. Watu wenye adabu kweli. Melkiory aliwatazama wamesimama kwa heshima zote, wakiangalia huku, nyayo zao juu ya Restuta, juu ya mama, juu ya watoto. Walikuwa wao peke yao waliohudhuria ibada mahali panapostahili.

Padri akanyunyiza maji ya baraka. Melkiory aliyafuata kwa macho matone yakianguka juu ya saruji, tap, tap, yakakauka. Alipoombewa marehemu wote alisema amina pamoja na wengine.

Baada ya ibada watu walipokuwa wanakula, Evangelina alimshika mkono akamrudisha kwenye makaburi. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini uso ulikuwa umetulia. Alionekana mtu aliyeshusha mzigo wa miaka. Siku zote tano alikuwa akija pale asubuhi na kikombe cha chai, anakaa karibu na vigae vya bluu, anazungumza. Alikuwa amemwambia mama yake kila kitu, alisema. Habari za shule, za mume, za wale wajukuu. Na mama alimsikia. "Naapa, baba mdogo, nilimhisi."

"Vizuri, mwanangu."

"Lameck nilimwagiza kitu, hakukwambia?" Alimwonyesha mwisho wa safu, karibu na kaburi la bibi. Palikuwa pamezungushiwa tofali moja moja, ndani pana udongo mtupu, nafasi ya mtu mmoja. "Wewe ndiye uliyewazika wote kwa mikono yako wakati watu wamekimbia. Mama mkubwa alinisimulia. Na wewe ndiye uliyewatunza mpaka nikawakuta. Nikasema huyu hatalala peke yake. Utalala hapa pamoja nao, pembeni ya mama yako."

Melkiory aliiangalia ile nafasi. Aliangalia kushoto kwake, jina la Kokwijuka kwenye saruji, na chini ya saruji udongo wa rangi moja mpaka chini. Nyuma yao wageni walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao, na mtu mmoja alianza kugonga kigingi.

"Au ungependa upande ule mwingine," Evangelina aliuliza, "karibu na baba na mama?"

"Hapa hapa," mzee alisema. "Hapa panatosha, mwanangu."

Evangelina alimkumbatia, kisha akaenda kuwasaidia wanawake kukusanya sahani.